Mjomba Chini ya Kikapu

Mnisamehe kwanza, walimu wenzangu, kwa mwandiko. Nilianza kusoma chuo cha Kurani kwa herufi za Kiarabu, mkono ukazoea kutoka kulia. Sasa kwa herufi za Kizungu mistari yangu huanza vizuri, kisha hupanda kama mtu anayerudi Kinole mlimani na mzigo. Makosa ya herufi nayo yavumilieni. Naandika polepole sana. Ukurasa huu niliuanza mvua ikinyesha, na sasa vumbi limerudi.

Ninalotaka kueleza ni habari ya mchezo. Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, nami nilikuwa nimemaliza madarasa ya shule ya serikali. Nilitaka kitu kimoja tu, kuwa mwalimu msaidizi wa watoto wadogo. Yule Mdachi mkuu wa shule, tuliyemwita Bwana Mwalimu, hakukataa, lakini alijua kasoro yangu kama kila mtu alivyoijua. Sina sauti. Nikisimama mbele ya watu maneno hurudi tumboni.

"Nitakupa watoto na mpira," alisema. "Ukiweza kuwafundisha kutia mpira kikapuni, utaweza kuwafundisha kusoma. Usipoweza, utakwenda kulima na baba yako."

Niliuchukua mpira upesi, maana katika kulima mimi ni mbaya kuliko katika kusema. Baba yangu mwenyewe aliposikia aliomba dua nifaulu.

Mchezo huo ulitoka kwao Ulaya. Kila upande wa kiwanja una mlingoti, na juu ya mlingoti kikapu. Watoto hurushiana mpira kwa mikono, na aliyeushika haruhusiwi kukimbia nao. Vikapu nilivipata kwa mama mmoja wa Kinole aliyekuwa akishusha ndizi na machungwa sokoni. Aliponiona natoboa kitako kwa kisu alishika kichwa.

"Mwanangu, kikapu kisicho na kitako kitabeba nini?"

"Hakibebi kitu, mama. Kinapitisha."

"Na huko shuleni ndiko mnakofundishwa haya?"

Nikatoboa cha pili. Mpaka leo akiniona sokoni huficha vikapu vyake.

Nilitunga shambulio jepesi, ambalo hata mimi ningeweza kulieleza. Lilikuwa maneno manne: toa, kimbia, pokea, tupa. Unampa mwenzako mpira, unakimbilia kikapuni, unaupokea tena, unatupa. Nilipanga mawe mchangani kuonyesha kila mtoto anakwenda wapi. Mawe yalicheza vizuri sana. Kisha nikasimama mbele ya watoto, nikasema yale maneno yangu manne.

"Mwalimu amesema nini?" mmoja akauliza.

"Hajasema. Amekohoa."

Ikabidi nimwite kila mmoja pembeni na kumnong'oneza, kama mtu anayeuza dawa ya mapenzi. Walinielewa. Walitoa, walikimbia, walipokea. Lakini hakuna aliyetupa. Kila mpira ulipofika karibu na kikapu, wakubwa waliugeuza na kumpelekea mtoto mmoja mdogo kuliko wote, aliyesimama chini ya mlingoti akijikuna goti. Wala hawakumrushia. Walimpa kwa mikono miwili. Naye alikuwa mfupi, akitupa mpira unamrudia kichwani.

Nilimwita yule mrefu, ambaye mikono yake ilikaribia kugusa kikapu.

"Mbona hutupi?"

"Nitatupaje, mwalimu, na mjomba yupo?"

"Mjomba gani?"

Akaonyesha kwa kidevu.

"Huyu?"

"Ndiyo. Bibi alimzaa mama zetu wamekwisha kuolewa. Sisi wote hawa ni wapwa zake."

Hapo nilitamani kuingia ndani ya kikapu nipite chini. Mimi mwenyewe ni Mluguru. Najua kwetu ukoo hufuata mama, na ndugu wa mama ndiye mwenye neno, awe na mvi au awe na makamasi. Mjomba wangu akikohoa, mimi husimama. Lakini shambulio nililitunga kwa mawe, na mawe hayana mjomba.

Nilijaribu kumtoa yule mdogo akae nje. Wapwa wote wakatoka wakakaa naye. Nilijaribu kuwaambia kwamba kiwanjani hakuna ukoo, lakini sauti ilikwama katika neno "hakuna," nao wakadhani nasema mpira hakuna, wakaenda nyumbani. Nikabaki na mlingoti. Nilianza kufikiria jembe.

Kesho yake mjomba mwenyewe alinijia.

"Mwalimu, unataka hawa watupe?"

"Nataka."

"Mbona hukuniambia mimi?"

Akamgeukia yule mrefu, akasema bila hata kuacha kujikuna, "Wewe, tupa."

Yule mrefu akatupa. Mpira ukaingia. Tangu hapo shambulio langu la maneno manne likawa la neno moja, na neno lenyewe si langu.

Siku ya mashindano watoto wangu wa milimani walicheza na watoto wa mjini, karibu na stesheni. Bwana Mwalimu alikaa kwenye kiti. Watu wa sokoni walijaa, na mwenye duka la vitambaa alifunga mlango aje kutazama. Mimi nilisimama nyuma ya mlingoti, nao mlingoti ni mwembamba, haukunificha.

"Wa milimani wamekuja na mtoto wa kunyonya," watoto wa mjini walisema.

"Mpeni uji kwanza."

Walikuwa wepesi. Walitutia vikapu mpaka nikaacha kutazama. Wangu walipopata mpira walimpelekea mjomba, naye hakuwa na haraka. Aliushika, akawatazama wapwa mmoja mmoja kama anayegawa shamba, na kabla hajaamua wa mjini walikwisha kumpokonya. Kisha mzee mmoja akapita kando ya kiwanja na mbuzi wake. Watoto wangu wote wakasimama, wakageuka, wakasema, "Shikamoo." Mzee akaitikia, akauliza habari za nyumbani, wakamjibu. Kikapu kingine kiliingia wakati huo. Sikuwa nimewafundisha hivyo, lakini sikuwa nimewakataza pia, na ningewakatazaje salamu?

Karibu na mwisho mjomba alipata mpira tena. Safari hii aliukumbatia tumboni, akaita kwa sauti ambayo ningetoa mkono wangu mmoja niwe nayo.

"Wewe mrefu, njoo hapa."

Yule mrefu akaja, ameinama. Watoto wa mjini walidhani anakwenda kukemewa. Waliacha kukaba, wakasogea wasikie, maana kila mtu hupenda kusikia mwingine akikemewa. Mjomba akampa mpira.

"Tupa."

Ukaingia. Mjomba akasema, "Haya," akaenda kukaa chini, kana kwamba kazi iliyomleta imekwisha. Tulishindwa vibaya, lakini kile kikapu kimoja kilishangiliwa kuliko vyote vya wenzetu.

Bwana Mwalimu aliniita. "Nani aliwafundisha lile?"

Nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Mjomba, aliyekuwa nyuma yangu, akajibu.

"Yeye alitaka, mimi nikawaambia."

Mdachi alitutazama, kwanza mimi, kisha huyo mdogo. "Darasa utapata," aliniambia. "Lakini huyu akae benchi la mbele."

Ndivyo nilivyopata kazi. Kila asubuhi nanong'ona, "Toeni vibao," na mjomba anarudia kwa sauti yake, na wapwa wanatoa vibao vyao vya kuandikia, na wasio wapwa wanawafuata kwa woga. Nafundisha mwandiko, mkicheka nitaelewa. Tatizo ni moja. Wote sasa wanaandika majina yao isipokuwa mjomba. Juzi nilimsogezea kibao, nikamwomba aandike herufi moja tu. Alinijibu kwamba analifikiria jambo hilo. Bwana Mwalimu atakagua darasa baada ya mavuno, na hapa shuleni hakuna mjomba wa mjomba.

Ninyi mnaofundisha mahali pengine, ambako mtoto mdogo ni mkubwa wa wenzake, mnamwambiaje? Niandikieni, tafadhali, hata kwa mwandiko mbaya kama huu. Kusoma pia nasoma polepole, lakini nitafika mwisho.