Tulivyofikia Buhongwa kwa Sababu ya Migomba Mitatu

Bibi yangu mzaa baba alikuwa hajawahi kutembea jijini, na mimi ndiye niliyemwahidi Mwanza. Siku nne tu, maana maharage yetu kule kijijini Mbuba yalikaribia kuvunwa. Nilikuwa nimeshapanga mpaka pa kusimama kupiga picha.

Kikabaki kitu kimoja: tufikie wapi. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa na chumba katikati ya mji, juu mlimani kwenye mawe. Shangazi anakaa Buhongwa, pembeni. Mimi nilikuwa upande wa kaka. Kwake ukifungua dirisha, jiji lote liko miguuni.

Bibi aliuliza swali moja tu. "Huko kuna migomba?"

Kaka akacheka kwenye simu mpaka ikakatika. Shangazi akasema, "Ipo mama, mitatu."

"Basi tunafikia huko," bibi akasema. "Pasipo na mgomba si nyumbani, ni stendi."

Asubuhi ya kwanza nikavaa shati langu la Krismasi. Bibi nikamkuta uani, kitenge kiunoni, panga mkononi, anakata majani makavu. Panga lenyewe alitoka nalo Mbuba.

"Bibi, mjini!"

"Niende mjini migomba ya mwanangu ina nywele hivi? Watu wa Mwanza watasema nini?"

Mmoja wa watu wa Mwanza alikuwa ameshachungulia juu ya ukuta, jirani mwenye bajaji. "Shikamoo bibi. Na wa kwangu utautazama?"

"Marahaba mwanangu. Nakuja."

Wa kwake ulikuwa na hali mbaya zaidi. Siku ya pili tukaimalizia huko. Ya tatu, kwa jirani wa jirani. Mimi nilibeba majani, na shati langu la Krismasi lile lile.

Jioni hiyo niliisogeza sahani yangu pembeni.

"Unaumwa?" bibi akauliza.

"Bibi, kesho ndiyo siku ya mwisho. Hujaona kitu. Hata tulipovuka daraja la ziwani tukija, ulilala."

"Mbona hukusema?"

"Nimesema siku tatu!"

"Ulisema mjini. Hukusema unaumia." Akasogea ukutani, akaita, "Mwanangu! Mjukuu wangu anaumwa jiji. Utatupeleka?"

"Bibi, hata sasa hivi!"

Kesho yake jirani alituzungusha mjini kutwa nzima, akisimama kila bibi aliposema simama. Ziwa alilisifu. Ngazi zinazopanda zenyewe alizikataa: "Miguu yangu bado inafanya kazi." Muda wote alipakata chipukizi la mgomba, na hakusema ni la nani.

Mwisho tukapanda mawe hadi kwa kaka. Bibi akaliangalia jiji lote pale chini, akanishika mkono. "Pazuri, mjukuu wangu. Pazuri kweli."

Kisha akamkabidhi kaka lile chipukizi.

"Tafuta udongo. Mwakani tunafikia hapa."

Kaka akabaki amelishika, anatazama mawe.