Samweli Wawili wa Wamalwa

Siku ya kubatiza mtoto wangu, mchungaji aliita jina lake, tukasimama akina mama wawili.

Wacha nianze mwanzo.

Naitwa Nasike. Mimi na mume wangu Wamalwa tulipanga nyumba Kitengela mwaka wa 1993. Tulikaa miaka minane bila mtoto, na shemeji zangu wakanisema mpaka nikazoea.

Aliyenishika mkono ni jirani yangu Kavutha. Hata yeye hakuwa na mtoto. Kila Jumatano tulifunga na kuomba pamoja.

Nikamfungulia moyo: Mungu akinipa kijana, ataitwa Samweli. Yule Hana wa Biblia alikaa tasa, akalia hekaluni, akajaliwa, akamwita mtoto Samweli kwa sababu alimwomba kwa Bwana. Ndiyo maana jina hili halizeeki. Kila mama aliyesubiri analitaka.

Mwaka wa 1998 Kavutha akahamia Kajiado ghafla. Tukapotezana.

2001, nikapata kijana! Wamalwa alifurahi, lakini jina akalikataa katakata.

"Tumwite Sydney. Samweli ni jina ya wazee."

"Sydney ako kitabu gani ya Biblia?"

Ubatizo nao akataka tuupeleke kwao Bungoma. Nikagoma. Kanisa letu lilikuwa linabatiza watoto wa matawi yote pamoja Kajiado, na nilishaandikisha jina la Samweli.

"Samweli Wamalwa!" mchungaji akaita.

Nikasimama. Benchi la mbele akasimama Kavutha, amebeba kijana wa miaka miwili. Masikio ya Wamalwa, pua ya Wamalwa.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anapekua kitabu cha nyimbo, anatafuta wimbo ambao hakuna aliyeutangaza.

"Sema Sydney," akaninong'oneza. "Tafadhali, usiniaibishe."

Mume labda ningemsamehe. Lakini Kavutha? Na vile tulivyopiga magoti!

"Mtoto huyu aitwe nani?" mchungaji akaniuliza.

"Samweli," nikasema, kanisa zima likasikia.

Nje, Kavutha akanifuata. "Nasike, hata mimi niliomba."

"Uliomba Mungu ama uliomba bwanangu?"

Akambeba mtoto wake, akaondoka.

Jioni nilifungua hadithi ya Hana, niliyodhani naijua yote. Mstari wa pili tu: mume wake alikuwa na wake wawili. Miaka yote hiyo nilikuwa nauruka, nikikimbilia machozi ya Hana.

Wapendwa, ukipenda jina la Biblia, soma hadithi yake tangu juu. Mimi niliomba na mke mwenzangu kila Jumatano, nikimwita dada.