Friji ya Nainokanoka iko kwenye simu yangu

Nani alisema wa darasa la saba hatufiki popote? Aje nimwonyeshe.

Leo nimefunga modemu zahanati ya Nainokanoka, ili nesi aone joto na mlango wa friji ya chanjo kwenye simu yake, nami fundi kwenye yangu, hata akiwa mbali, joto likipanda ampigie mhudumu aliyebaki. Mama yake nesi anaumwa huku Karatu, na yeye haondoki, anaogopa chanjo ziharibike.

Nikafunga kwa madoido yote. Mtandao? Hamna.

Nikapanda juu ya bati, nikazungusha antena mpaka jasho likanitoka kwenye ile baridi. Hamna!

Mama mmoja wa Kimasai aliyeleta mtoto kliniki akacheka: "Fundi, sisi simu tunapigia pale kwenye kona ya zizi. Wewe ulimuuliza nani?"

Sikuuliza mtu. Fundi mzima!

Nikavuta waya, nikafunga antena kwenye nguzo ya zizi, ng'ombe wananitazama. Mtandao ukajaa!

Saa kumi jioni nimesharudi Karatu, simu ikalia: mlango wa friji uko wazi. Nikampigia nesi mbio mbio.

"Sista, friji!"

"Najua, kaka. Nimefungua makusudi nione kama kweli unaona. Haya, nafunga, nikapange nguo. Kesho nakuja kwa mama."

Wenye digrii, komenti ziko hapo chini.