Zoezi la Nan Maughan

Nan Maughan alianza mwaka wa pili wa masomo ya ustawi wa jamii, mjini Galway, akiwa na miaka arobaini na moja na watoto wanne. Darasa zima, Msafiri, yaani mtu wa jamii ya wahamaji wa Ireland, alikuwa yeye peke yake. Babu zake walizunguka Ireland kwa magari ya farasi; yeye alikulia kwenye karavani, nyumba ya magurudumu, kando ya barabara.

Mwaka huo chuo kilitaka wanafunzi wakae meza moja na walimu, wapange mtaala upya. Nan akachaguliwa. Kikao cha kwanza aliandika tu waliyosema wengine. Cha pili, mwalimu Dervla aligawa zoezi kuhusu familia ya Wasafiri: baba mlevi, watoto hawaendi shule. Uvumilivu ukamwishia.

"Miaka mitatu ya masomo tunatajwa mara moja tu, na hapo tumelewa?"

Uso wa Dervla ukaiva kwa aibu. "Lakini Nan, hiyo imetoka kwenye faili la kweli."

"Hata mimi nimetoka kwenye faili la kweli. Nilipokuwa na miaka minane, ofisa wa ustawi aliandika kwetu hakuna hata kitabu. Wala hakuvuka mlango."

Dervla akaikunja karatasi yake. "Basi zoezi tuliandike upya pamoja, mimi na wewe. Mimi sijui hata nianzie wapi."

Rasimu, iliyohusu siku yule ofisa alipofika kwao, ilipokamilika, Nan alimsomea mama yake, Bridgie, ambaye hakujua kusoma. Alitegemea sifa.

"Mbona yule binti wa serikali umemfanya shetani?" mama akauliza. "Mvua ilikuwa inamnyeshea, na baba yako akamfungulia mbwa. Hilo umelificha?"

"Nikiliandika watatucheka, mama."

"Wacha wacheke! Ukidanganya, una tofauti gani nao?"

Nan alinuna siku mbili, kisha akaliandika.

Septemba walilifundisha zoezi hilo pamoja, yeye na Dervla. Wanafunzi walibishana saa nzima juu ya nani alianza kukosea.

"Sasa jibu sahihi ni lipi?" msichana mmoja akauliza.

"Silijui," Nan akajibu. "Ila mimi ningekuwa yule ofisa, ningeanza kwa kuomba radhi kwamba nimekuja bila taarifa."

Si yote aliyodai yalikubaliwa. Ombi la kuwapunguzia wenye watoto saa za mafunzo kwa vitendo lilikataliwa mara mbili. Alihitimu hivyo hivyo, akiwa amechoka, akapata kazi. Kiti chake mezani alikichukua Oisín, kijana kiziwi, aliyefika na mkalimani wake na madai mengi kuliko ya Nan.