Maji Yanayopanda Upande wa Moto

Dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Izimbya, kijijini kwetu, akaniambia Taata, baba yetu, hamtambui tena hata mwanawe. Nilimkatalia palepale. Baba aliyefundisha sayansi mpaka akastaafu, leo asahau damu yake? "Acha uzushi," nikamwambia, "labda umemuudhi." Jumamosi nikaondoka Bukoba mjini nimevimba kwa hasira, nimekusudia kumwonyesha dada kwamba ni mwongo.

Nilimkuta Taata amekaa jikoni, karibu na moto. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu: "Marahaba, karibu." Kisha akanipa kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni. Mimi ni mgeni? Lakini mbona hata mtoto akirudi nyumbani hupewa kahawa? Sikujua nishike lipi.

Nikaamua kumkumbusha kwa kitu chake mwenyewe. Zamani alikuwa akituonyesha hapohapo jikoni jinsi maji yanavyotembea yakipata moto: sufuria pana, maji baridi, na kijiko cha unga wa kahawa uliolowa, unaotulia chini. Nilifikiri, akilikumbuka somo, atanikumbuka na mimi niliyekuwa nachungulia. Nikamwomba dada abandike. Naye, kwa mazoea ya kupika ndizi, akatandaza makaa chini yote, akafunika sufuria kwa jani la mgomba na kulibana kingoni. Tulipofunua, maji yalikuwa meusi tii, yanatokota kila upande.

Taata akachungulia. "Hii ni kahawa," akasema. "Somo liko wapi?"

Tulicheka mpaka machozi. Jamani, si ndiye huyu? Nikamtupia dada jicho la "umeona!"

Taata akaagiza maji mengine ya baridi na kijiko kingine cha unga wa kahawa. Akachukua kijiti, akasogeza makaa yote upande mmoja. "Msikoroge. Msifunike. Subirini." Tukasubiri. Unga wa kahawa ukaanza kuinuka upande wa moto, ukavuka juu, ukazama upande wa pili, ukarudi chini kwa chini ulikotoka.

"Yaliyopata moto yamekuwa mepesi, yanapanda," akasema. "Ya baridi ni mazito, yanashuka kushika nafasi yao. Yanazunguka hivyo hivyo."

Sauti ilikuwa ileile ya darasani, kila neno mahali pake. Nilifurahi, nikataka kumkumbatia. Nikachanganyikiwa vilevile, maana hakuwa amenitazama usoni hata mara moja.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Nimeelewa, Taata."

Akanikazia macho, akashangaa kidogo, kisha akatabasamu kwa upole.

"Vizuri sana. Ukifika nyumbani, mwonyeshe na baba yako."

Nikamgeukia dada. Alikuwa anayatazama maji, anajifuta macho kwa kanga.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu. Sikujua nimwite nani tena.