Masika Agnes Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kitengo cha kompyuta pale Kasese alinikabidhi daftari nene. Ndani yake, kwa penseli, ziliandikwa paswadi za wanafunzi wote wa chuo. "Madamu Kabugho," akaniambia, "ukipoteza hii daftari, chuo inafungwa." Hakuwa anatania. Ninyi vijana mnaofungua simu kwa kuitazama tu hamjui tulikotoka.

Kazi yangu ilikuwa kuwaingiza wanafunzi kwenye mfumo wa masomo mtandaoni, pale mhadhiri anapoweka notsi na mwanafunzi anapowasilisha kazi zake. Baadaye vyuo vinne vikaungana, na mwanafunzi wetu akaweza kusoma kozi ya chuo kingine kwa akaunti ileile. Mpango huo tuliuita kuingia kwa pamoja. Mwanafunzi akibisha hodi kwa wenzetu, mfumo wao hauulizi paswadi yake. Unakiuliza chuo chake, "Huyu ni wenu?" Chuo kikijibu ndiyo, anaingia. Kikijibu hapana, mtoto wa watu anabaki nje hata kama amelipa ada na kusoma mpaka macho yakauma. Niliipenda kazi ile, sifichi.

Kisha nikahamishiwa kituo chetu cha Bwera, mpakani, ambako wauguzi walisoma huku wakiendelea na zamu zao. Mratibu wa kituo alikuwa kapteni mstaafu, naye alizungumza na kompyuta kama anakagua gwaride. "Fundi! Hiyo mashine inalala nini? Amsha!" Lakini alikuwa mtu wa haki, na wanafunzi wake aliwajua kwa sura, mmoja mmoja.

Ndipo ikaja barua ya Mkurugenzi wa Mifumo kutoka mji mkuu. Alikuwa ameipitia orodha ya akaunti zetu, akakuta akina Masika kibao, akina Biira kibao, akaamua kwamba Kasese tunasajili wanafunzi hewa. Jamani! Kwetu Wakonzo jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, ndiye mimi. Karibu kila nyumba yenye mabinti ina Masika wake. Ongeza jina la ubatizo, na kanisani kwetu akina Agnes hawaishi. Bwana mkubwa hakuuliza mtu. Aliagiza kwamba majina mawili yakilingana, na wilaya ikiwa moja, akaunti ziunganishwe, nami niidhinishe orodha yake kwa sahihi yangu.

Nilimpigia simu nikamsihi atumie namba ya usajili, ambayo kila mwanafunzi ana yake peke yake.

"Mama, mfumo haukosei," akanijibu. "Wewe weka sahihi, urudishe orodha."

Kapteni alinionya. "Usiguse hiyo karatasi. Hawa watu ya ofisi kubwa, mimi najua wao." Lakini nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na niliogopa. Nikaweka sahihi.

Jumatatu iliyofuata akaingia Masika Agnes, muuguzi wa wodi ya wazazi, bado amevaa sare. Wiki ileile alikuwa na mtihani wa mwisho katika chuo mshirika.

"Madamu, mfumo inanikataa. Inasema niliacha masomo. Niliacha lini? Juzi tu nilikuwa nasoma!"

Nilifungua mfumo. Akaunti yake ilikuwa imemezwa na ya Masika Agnes wa Munkunyu, wilaya yetu hiyohiyo, mwanafunzi wa kilimo aliyeacha chuo baada ya muhula mmoja. Alama zake za miaka mitatu hazikuonekana. Wenzetu walipouliza kama ni wetu, mfumo wetu ulijibu hapana. Mtihani ukampita, na mahafali pia.

Kapteni alipanda bodaboda mpaka Munkunyu, akamleta yule mwingine, akawaketisha wote wawili mbele ya kamera kwenye kikao cha mtandaoni. "Bwana Mkurugenzi," akasema, "hii ni mutu moja ao mbili? Hesabu!"

Mkurugenzi akawatazama. "Nimeelewa. Basi mmoja wao abadilishe jina."

Damu ilinichemka. Huyo ndiye tuliyemwita msomi! Yule muuguzi akajibu kwa upole kunishinda: "Mimi ni mutoto ya kwanza kwa mama yangu. Nibadilishe niwe nani? Biira tayari iko nyumbani."

Tulihangaika miezi mingi mpaka alama zake zikarudi, na mwaka uliofuata akafanya mtihani akafaulu. Lakini mfumo ulitaka kuwatofautisha, ukambandika namba, na cheti kikatoka hivyohivyo: Masika Agnes 2. Tulilalamika. Tukaambiwa cheti hutoka kama mfumo ulivyoandika.

Mwezi huohuo nikastaafu. Katika hafla Mkurugenzi alinisifu kwamba nimetumika bila doa, na mpaka leo nikiikumbuka sifa ile nakasirika. Mnaorithi kazi hii, mtasikia kila siku kwamba mfumo umekataa, mfumo umefuta. Msikubali. Nyuma ya kila jibu la mfumo kuna mtu aliyeagiza na mtu aliyetii.

Masika alinialika nyumbani kwao Bwera kusherehekea. Mama yake alikishika cheti, akapitisha kidole juu ya ile namba.

"Huyu ndiye nilizaa kwanza," akasema. "Nani alimuandika mbili?"

Kapteni alinitazama, akingoja nimtaje Mkurugenzi. Nikamwambia yule mama kwamba ni mimi.