Povu la Shangazi Mueni

Ikiwa ile sabuni ilikuwa dawa, Shangazi Mueni alikuwa anaumwa nini? Swali hilo lilinirudia juzi, nilipokuta harufu ya sabuni hiyo, kali na tamu, katika duka moja mjini Kitui.

Kila siku, nyumbani kwetu Kilungu, shangazi alijipaka povu usoni, akaliacha likauke, kisha akanawa. Nilidhani madoa ya mashavuni mwake ndiyo ugonjwa wenyewe. Alasiri moja aliniketisha kando ya karai.

"Funga macho. Hii ni dawa ya kung'arisha."

"Lakini siumwi, shangazi."

"Na weusi huu wako, nani atakuoa?"

"Mtu kama aliyemuoa susu."

Susu, nyanya yangu, alikuwa akipura mbaazi uani. Alicheka hadi fimbo ikamponyoka. Shangazi alinishika kidevu kwa nguvu. Nikalipiga karai teke, maji na povu vikamezwa na vumbi.

Nilichapwa. Sikuomba msamaha, na hadi leo sijauomba.

Nilikuwa chuo kikuu nilipojua kwamba sabuni kama zile zilitiwa zebaki, na kwamba yale madoa yaliletwa na dawa.